Kiatu Kimelalia Upande: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mwendo na Viatu Rasmi

Tuelewane kwanza juu ya neno moja. Kisigino kipo cha mguu na kipo cha kiatu. Hapa nikisema kisigino peke yake, nina maana ya kile cha kiatu.

Kisigino changu kinalika kwenye pembe ya nyuma, upande wa nje. Je, natembea vibaya?

Hapana. Swali hili ndilo linalokuja kuliko yote, na anayeuliza huwa ameshajihukumu kabla hajafungua mdomo. Vua viatu, tembea polepole sakafuni, uangalie mguu wako unavyotua. Ukiwa hewani mguu huwa umegeuka kidogo, wayo unatazama ndani kwa mbali, hivyo kinachotangulia kugusa chini ni ukingo wa nje wa kisigino cha mguu. Hapo hapo mguu unalala kuelekea ndani, uzito unapita katikati ya wayo, unafika kwenye ile sehemu nene iliyo nyuma ya vidole, na mwisho unasukuma ardhi kwa kidole gumba na kile cha pili yake. Safari yote hiyo inachukua chini ya sekunde moja, na soli inalika njia hiyo hiyo.

Piga hesabu kidogo. Mtu anayepiga hatua 6,000 kwa siku, kila kiatu chake kinatua mara 3,000. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa mwendo wa kawaida, ardhi inapokea nguvu inayozidi uzito wake kwa kama asilimia 10 hadi 20, yaani kama kilo 77 hadi 84. Anayeanza kupokea kishindo hicho ni kijipembe cha raba. Mimi hushangaa zaidi nikiona kisigino kisicholika hapo.

La kuangalia ni kiasi. Mteremko mdogo, unaofanana viatu vyote viwili, uache. Ukiwa mkali mpaka kiatu kinaegemea, au umeingia upande mmoja tu, endelea kusoma.

Nitasomaje soli za viatu vyangu mwenyewe nyumbani?

Chagua jozi uliyoivaa miezi kadhaa. Jozi mpya haina la kusema bado. Ondoa vumbi, weka viatu vyote viwili juu ya meza iliyonyooka, visigino vikikutazama, kisha inama mpaka macho yako yawe usawa na meza. Tazama ule mstari wa mshono unaopanda katikati ya mgongo wa kiatu. Umesimama wima, au umelala upande mmoja? Mshono uliolala ndani ni habari moja, uliolala nje ni habari nyingine, na wote huonekana kabla soli yenyewe haijaonyesha kitu.

Halafu sukuma kiatu kwa kidole kimoja. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, kisigino kimeshakatika pembe. Sasa kigeuze. Kwenye soli ya ngozi utaona doa jeusi linalong'aa, lililosuguliwa mpaka likawa laini, mara nyingi ukubwa wa sarafu au zaidi, nyuma ya kidole gumba na kile kinachokifuata. Huko ndiko unakosukumia. Lipapase kwa dole gumba la mkono, kisha linganisha na kiatu cha pili. Mwisho ingiza mkono ndani upapase soli ya ndani: yale mashimo ya vidole na ya kisigino cha mguu yanakuonyesha umesimama wapi, na hayapotoshwi na barabara mbovu.

Watu wengi hutazama chini tu. Chini panadanganya, kwa sababu kokoto, saruji, mvua na ngazi navyo vinakula soli. Sehemu ya juu ya kiatu haigusi barabara, kwa hiyo ikipinda umeipinda wewe.

Soli inaisha zaidi upande wa ndani. Ina maana gani?

Mara nyingi mguu wako unalala ndani kupita kiasi na kukawia kuinuka. Huwatokea sana wenye unyayo bapa, wale ambao alama ya mguu wao ulioloa inatoka nzima sakafuni, bila ile tao ya katikati. Huwatokea pia wenye magoti yanayokaribiana. Kiatu cha mtu huyu kinalika upande wa ndani wa kisigino na chini ya kidole gumba, na ukuta wa nyuma unaegemea ndani, kama nyumba iliyotitia msingi upande mmoja.

Kama huna maumivu, usianze kutafuta ugonjwa. Wapo watu wenye unyayo bapa wanaotembea kutwa nzima bila kulalamika. Kwa kiatu, kinachosaidia ni ukuta wa nyuma mgumu usiobonyea ukiuminya kwa vidole viwili, na kamba za kukaza. Kiatu laini cha kuchomeka mguu kitalala haraka zaidi.

Na ikiwa inalika upande wote wa nje, kuanzia kisigino mpaka kidole kidogo?

Huyo ni mwenye tao refu, au mwenye matege. Mguu wake unatua nje na unabaki nje. Ngozi ya juu nayo hutoka nje ya ukingo wa soli, upande wa kidole kidogo, mpaka kiatu kinaonekana kama kimevimba. Tao refu mara nyingi ni gumu na halinyonyi kishindo vizuri, kwa hiyo kisigino cha raba kinamfaa kuliko cha ngozi tupu. Kiatu chembamba mbele kinamwonea, maana anakanyaga palepale kiatu kinapokatika.

Kwa nini ncha ya mbele inakwanguka ningali nimevaa wiki mbili tu?

Sababu zipo kadhaa, na ya kwanza si kosa lako. Soli mpya ya ngozi ni ngumu kama ubao. Bado haijajifunza kukunjika pale mguu wako unapokunjika, kwa hiyo unaponyanyua kisigino cha mguu kiatu kizima kinasimama juu ya ncha yake na kusugua. Wiki chache zikipita, soli inalegea na kasi ya kulika inapungua. Angalia pia umbo: weka kiatu mezani utazame kama ncha imeinuka kidogo. Kiatu ambacho ncha yake imelala chini kitakwanguka mbele kuliko kile kilichoinuka, hata vikivaliwa na mtu yule yule.

Pili, urefu. Kiatu kirefu kuliko mguu kinabeba nafasi tupu mbele, na nafasi hiyo hujikwaa. Ngazini ndipo utakapoiona vizuri: kila ngazi inagongwa na ncha.

Tatu, mwendo wenyewe. Mwenye hatua ndefu na za haraka husukuma kwa nguvu mbele. Mwenye kuchoka haunyanyui mguu vya kutosha, ndiyo maana alama nyingi za kukwaruza hupatikana jioni.

Dawa ya gharama ndogo ni kipande chembamba cha raba au chuma kinachobandikwa nchani. Kiweke mapema, kabla mshono wa mbele haujaguswa. Uzi wa mshono huo ukishakatika, soli inafumuka mdomo na kazi inakuwa kubwa.

Ila ncha ya kiatu kimoja tu ikianza ghafla kukwanguka, na unahisi mguu huo unaning'inia au unajikwaa mahali pasipo na kitu, hilo halimhusu fundi viatu. Mwone daktari. Misuli ya kunyanyua wayo au mshipa wa fahamu unaoiongoza unaweza kuwa na hitilafu.

Kiatu cha kulia kinaisha kabla ya cha kushoto. Ni kawaida?

Kawaida kabisa, kwa kiasi. Hakuna mtu aliyepimwa kwa rula pande zote mbili: miguu ya wengi hupishana urefu kidogo, na mguu mmoja una nguvu kuliko mwenzake. Kabla ya kujitafutia sababu za ndani ya mwili, tafuta za nje. Unabeba begi zito bega moja kila siku? Unaendesha gari? Kisigino cha kulia cha dereva hukwanguka nyuma, juu ya ile raba, pale kinapoegemea zulia mguu ukikanyaga mafuta. Alama hiyo huitoi barabarani ukitembea, iko juu mno. Dereva hubadilisha viatu akishaingia garini na tatizo linaisha.

Tofauti ikiwa kubwa, na ikaja pamoja na maumivu ya nyonga, goti au kiuno, peleka viatu vyenyewe kwa daktari wa miguu au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usivisafishe sana. Soli chafu iliyolika humfaa kuliko maelezo yako.

Mimi huburura miguu. Ninajua. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha ni wewe na si kiatu. Kiatu kipana kinaburuzwa hata na mwenye mwendo wa madaha, kwa sababu akikinyanyua vizuri kinachomoka. Jaribu kukaza kamba, au weka soli nyingine nyembamba ndani, utembee siku mbili. Sauti ya kuburuza ikipotea, umepata jibu. Ikibaki, ni mazoea, na mazoea ya utotoni hayaondoki kwa kuhimizwa na mtu aliye nyuma yako. Weka raba ngumu kisiginoni, maisha yaendelee.

Mikunjo iliyo juu ya kiatu nayo inasema jambo?

Inasema zaidi juu ya kutosha kuliko juu ya mwendo. Mguu hukunjika kwenye maungio ya vidole, na ngozi lazima ikunjike hapo. Mkunjo mmoja au miwili midogo, inayokatiza kwa kuinama kidogo kufuata mstari wa vidole, ni salama. Mkunjo mzito wenye bonde, mbele ya pale mguu unapokunjika, maana yake ndani kuna hewa: kiatu ni kirefu au kipana kuliko mguu. Mkunjo uliokaa vizuri kushoto na vibaya kulia huwa unatokana na mguu mmoja kuwa mdogo kuliko mwingine. Nunua kwa kipimo cha mguu mkubwa, ule mdogo uujazie.

Kalibu ya mbao, lile umbo la mguu la kutunzia kiatu, ikiingizwa kiatu kingali na joto la mguu hupunguza mikunjo. Haiifuti.

Bitana ya nyuma imetoboka lakini soli bado nzima. Imekuwaje?

Kisigino cha mguu kinapanda na kushuka ndani ya kiatu kila hatua. Kamba zimelegea, au kiatu ni kikubwa, au unavaa kwa kukanyaga nyuma na kusukuma mpaka mguu uingie. Hilo la mwisho ndilo linaloua viatu vingi kuliko barabara zote. Ukuta wa nyuma ukishavunjika haurudi, na bila ukuta huo mguu unayumba upande wowote unaotaka, kisha soli inalika upande, kisha unaniuliza kuhusu mwendo wako. Fungua kamba. Tumia kijiko cha kuvalia viatu. Ni sekunde kumi.

Viatu vya kisigino kirefu hulika tofauti?

Sana. Kisigino cha kawaida kinakanyaga kwa kama sentimita 6 kwa 6. Kile chembamba kinakanyaga kwa eneo la sentimita moja ya mraba hivi. Mtu ni yule yule na uzito ni ule ule, kwa hiyo kile kipande kidogo cha plastiki ngumu kilichopo chini kinachakaa upesi mno, hasa ukingo wa nje nyuma. Utasikia kabla hujaona: mlio unabadilika, unakuwa mkali, tik, tik, kwa sababu msumari ulio ndani umeanza kugusa sakafu. Siku hiyo hiyo peleka vibadilishwe, na vibadilishwe vyote viwili hata kama kimoja bado kizima, maana tofauti ndogo ya kimo huyumbisha kifundo cha mguu.

Mbele nako kuna kazi. Kisigino kikipanda uzito husogea kwenye vidole, na soli nyembamba ya mbele huisha chini ya kidole gumba. Raba nyembamba ya kubandika mbele inazuia kuteleza na kulika kwa mkupuo mmoja.

Soli ya ngozi au ya raba, ipi inavumilia mwendo mzito?

Raba. Sina la kuzunguka. Ngozi inapumua, inakaa vizuri na inapendeza kuitazama, lakini ikiloa inalainika na kulika haraka. Kama unaipenda ngozi na unatembea sana kwa miguu, bandika raba nyembamba juu yake. Wapo watakaokwambia umekiharibu kiatu. Waulize wao hutembea umbali gani kwa siku.

Nijifunze kutembea upya ili viatu vyangu vidumu?

Usifanye hivyo. Mwendo umejengwa na mifupa, misuli, urefu wa miguu na miaka mingi, na ukiulazimisha ukae vingine kwa ajili ya raba ya kisigino unahamisha mzigo kwenda goti au nyonga. Nimewahi kujaribu mwenyewe kunyoosha hatua zangu kwa wiki moja, nikikanyaga ndani kwa makusudi. Kisigino hakikubadilika. Nyonga ndiyo iliyonishtaki.

Badili vitu vilivyo nje ya mwili: kipimo cha kiatu, ukazaji wa kamba, begi unalobeba, raba ya kisigino. Mtaalamu akikuandikia soli maalumu za ndani au mazoezi, hilo ni jambo lingine, na kufuata ushauri wake ni sawa.

Vipi kuhusu vyuma vya kisiginoni?

Vinazuia pembe isilike, hilo ni kweli. Vinateleza kwenye marumaru na vigae vilivyoloa, vinakwaruza sakafu za mbao za watu, na kila mtu anajua umefika. Kipande cha raba ngumu kilichopachikwa kwenye ile pembe inayolika, fundi akakikata na kukilaza usawa na sehemu iliyobaki, kinafanya kazi hiyo hiyo bila kelele. Chuma kidogo nchani mbele sina ugomvi nacho, mradi kimezamishwa kikawa sawa na soli.

Ni wakati gani wa kumpelekea fundi?

Mapema kuliko unavyofikiri. Kisigino cha kiatu rasmi kimejengwa kwa tabaka za ngozi, au kitu kinachofanana nayo, zikipandana, na chini kabisa kuna raba yenye unene wa milimita 6 hivi. Raba hiyo imewekwa ili ife kwa niaba ya wenzake. Maadamu mlalo uko ndani ya raba, fundi anaing'oa na kupigilia nyingine, na kiatu kinasimama tena. Mlalo ukishavuka raba na kuanza kula tabaka za juu, lazima ajenge kisigino upya, tena kwa kubahatisha pembe yake ya awali.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kisigino kilicholika kinauinamisha mguu, mguu ulioinama unakanyaga nje zaidi, na kisigino kinalika zaidi. Ndiyo maana milimita mbili za kwanza huchukua miezi, na mbili zinazofuata huisha ghafla. Ukikata mduara huo mapema, ukuta wa nyuma na ngozi ya juu navyo vinasalimika.

Kwa soli ya mbele, bonyeza kwa dole gumba katikati ya lile doa jeusi. Ikibonyea, imekwisha. Usisubiri tundu, kwa sababu likitoboka maji yanaingia kwenye soli ya ndani, na hiyo ndiyo mifupa ya kiatu.

Mweleze fundi viatu vyako vinavyolika. Mwambie "weka raba ngumu upande huu" umwonyeshe. Hakuna sababu ya kila mtu kupewa kisigino kimoja.

Kiatu chochote kinaweza kubadilishwa soli?

Si chochote. Kile kilichoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo wake kinabadilishwa soli mara kadhaa, maana uzi unaofumuliwa haugusi sehemu ya juu. Kilichoshonwa moja kwa moja kupenya soli ya ndani, kwa mtindo uliotokana na mashine aliyoipatia hataza Mmarekani Lyman Blake mwaka 1858, kinabadilishwa pia, ila mara chache zaidi. Kilichobandikwa kwa gundi kinategemea moyo wa fundi na hali ya ngozi iliyobaki.

Je, nikibadilishana, cha kulia nivae kushoto, si vitalika sawa?

Swali hili huulizwa kwa utani, lakini lina historia. Mpaka karne ya 19 viatu vingi vya Ulaya na Marekani vilitengenezwa vikiwa vimenyooka, bila kulia wala kushoto, na mwenye navyo aliweza kuvibadilisha miguu ili visilalie upande mmoja. Viatu vya sasa vimekatwa kufuata mguu wake. Ukivibadilisha utaumiza vidole tu.

Ninaweza kuvaa viatu rasmi vilivyovaliwa na mtu mwingine?

Unaweza, ukijua kwamba unavaa na mwendo wake. Soli na visigino vinabadilishwa. Soli ya ndani iliyochongwa na vidole vyake, pamoja na ukuta wa nyuma uliolalia upande wake, haviponi. Fanya ule ukaguzi wa mezani kabla ya kuchukua. Mshono wa nyuma ukiwa wima, chukua. Ukiwa umelala upande ule ule unaolalia wewe, utaupokea pale alipouachia.

Kupumzisha viatu kunapunguza kulika?

Kwa soli ya ngozi, ndiyo. Wayo hutoa jasho jingi, na ngozi yenye unyevu huumbika na kulika kirahisi. Mpe kiatu siku moja ya kukauka baada ya kila siku ya kuvaliwa, mbali na jua kali na moto.

Lini nimwone daktari badala ya fundi?

Mchoro wa kulika ukibadilika ndani ya muda mfupi bila kubadilisha viatu wala kazi. Ukianza kuchechemea. Ukipata maumivu yanayorudi kila siku. Na kama una kisukari, usisubiri maumivu kabisa, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuua hisia za wayo, na msumari uliochomoza ndani ya kiatu ukakutoboa kutwa nzima usijue. Papasa ndani ya viatu kwa mkono kila asubuhi kabla ya kuvaa.

Kiatu changu kimoja kinalia ninapotembea. Ni mwendo?

Karibu kamwe. Ni tabaka mbili zinazosuguana ndani: soli iliyoanza kuachia, ule ubapa wa chuma au mbao ulio katikati ya soli uliolegea, au unyevu uliobaki chini ya soli ya ndani. Kikaushe siku mbili kwanza. Kikiendelea kulia, kikunje kwa mikono ukisikiliza, utie alama ya chaki pale sauti inapotokea, ndipo umpelekee fundi.